Marehemu Aliyehudhuria Kikao

Yowe la mashine lilimfikia Luciana kabla hajakiona kibanda chake.

Mashine ya kukamua alizeti ikiwa na mbegu tumboni hunguruma. Ikiwa tupu hupiga yowe. Luciana alikuwa amekaa na ile yake miaka sita, akajua hata inapotaka kukohoa. Asubuhi hiyo ya Juni alikuwa anatoka gulioni, magunia matupu kichwani, upepo wa Singida ukimvuta kanga, na yowe lile likamfikia akiwa bado nyuma ya ukuta wa ofisi ya halmashauri.

"We Melkiori!" alipaza sauti. "Utaniunguzia mota!"

Hakujibiwa. Luciana akatupa magunia, akakimbia, akazima swichi. Kimya kilipoingia ndipo alipogeuka.

Nyuma ya mashine, juu ya lundo la mashudu ya mbegu zilizokamuliwa, Melkiori Nkungu, Afisa Mipango wa Halmashauri ya Ngimari, alikuwa amelala chali. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine kando yake. Macho yalikuwa wazi. Chini ya kisogo mashudu yalikuwa yamelowa damu.

Ilikuwa saa nne na robo.

*

Inspekta Severina Ntandu alifika saa tano kamili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hatua za haraka, na sauti ambayo hakuhitaji kuipandisha.

Koplo Idrissa alimpokea kwa saluti. "Afande, nje hapa pana moto."

"Nimeuona. Nani anauchochea?"

"Pande zote mbili."

Severina aliwatazama watu waliojazana uwanjani. Walikuwa wamesimama makundi mawili, katikati wameacha nafasi ya kupita gari. Upande huu watu wa Ngimari, upande ule waliokuja na basi kutoka Isambara.

Serikali ilikuwa imeagiza halmashauri hizo mbili ziunganishwe. Mkurugenzi mmoja, baraza moja, makao makuu mamoja. Mamoja, sawa, lakini wapi? Melkiori ndiye aliyepewa kazi ya kulijibu swali hilo. Miezi mitatu alitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji, saa mkononi, akipima muda ambao mama mwenye mtoto mgongoni anatumia kufika ofisini. Leo alitakiwa kuwasilisha taarifa yake mbele ya Kamati ya Mpito. Lakini tangu juzi neno lilikuwa limevuja. Melkiori, mtoto wa Ngimari, amependekeza Isambara.

"Watu wa Ngimari wanamwita msaliti," Idrissa alisema. "Wale wa Isambara wanasema ameuawa kwa sababu alisema kweli. Jiwe moja tu likirushwa, afande, tutaokota maiti nyingine."

Mwanamke kijana aliwazibia njia. Mikono ilikuwa na vumbi la chaki.

"Shikamoo afande. Naitwa Dina. Yule ndani ni baba yangu."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Sikuja kuchukua pole." Alimtazama usoni. "Kesho tunazika. Nimekwenda kwa majirani kuomba vijana wa kuchimba kaburi. Wamekataa. Wameniambia akazikwe Isambara alikotuuza. Baba amewachimbia makaburi watu hawa miaka ishirini, na jembe lake mwenyewe. Nisaidie nimzike kwao. Sina ombi lingine."

Severina hakuwa mtu wa kugawa maneno.

"Hiyo taarifa yake, wewe umeisoma?"

"Hapana. Alisema nitaisikia pamoja na wenzangu. Alikuwa hivyo, hapendelei."

"Kaa hapa kivulini. Usiondoke."

*

Ndani ya kibanda, daktari wa hospitali ya wilaya alikuwa anavua glovu.

"Pigo moja kisogoni," alisema. "Ona kona ya fremu hii ya chuma. Damu na nywele. Hakupigwa na kitu, aliangukia hapa."

"Alianguka mwenyewe?"

"Vifungo viwili vya shati vimekatika na uzi wake. Ameshikwa kifuani, akasukumwa."

"Amekufa lini?"

"Kwa joto la mwili, kati ya saa tatu na saa nne. Zaidi ya hapo sibahatishi."

Severina alichuchumaa mbele ya ndoo ya mafuta. Ilikuwa imefika nusu. Pembeni kulikuwa na gunia la alizeti, nalo limefika nusu. Mafuta yalikuwa yamemwagika sakafuni, na ndani ya mafuta hayo mtu alikuwa amepiga goti.

"Mama Luciana, uliiwasha saa ngapi hii?"

"Saa tatu kamili. Kengele ya shule ilikuwa inalia. Melkiori alikuja na gunia lake akaniomba alilishe mwenyewe, mimi nikafuate magunia gulioni. Si mara ya kwanza, ana mkono mzuri."

"Gunia zima linakula muda gani?"

"Saa nzima, umeme ukiwa na nguvu. Leo ulikuwa na nguvu."

"Kwa hiyo nusu gunia..."

"Nusu saa, afande. Hiyo haihitaji kalamu."

Severina alitabasamu kidogo. Alimpenda mama huyu. "Saa tatu na nusu Melkiori aliacha kulisha mashine. Idrissa, andika. Ndoo ya mafuta imetupa saa sahihi kuliko daktari, asinichukie."

"Sijakuchukia," alisema daktari.

Koplo Idrissa alikuwa amekwishanyunyiza unga mweusi kwenye fremu ya mashine. Juu ya chuma, karibu na damu, alama ya mkono mzima ilijitokeza. Kwenye dole gumba palikuwa na mstari mweupe ulioikata alama katikati, kama njia ya ng'ombe shambani.

"Kovu," Idrissa alisema.

"Kovu la zamani. Piga picha tatu. Begi la marehemu lina nini?"

"Miwani, kalamu, chupa ya maji. Taarifa hakuna."

"Basi aliyeichukua ndiye aliyemsukuma," alisema Severina. "Twende tukaonane na kamati."

*

Ofisi ya katibu wa kamati ilikuwa safi kupita kiasi. Abraham, katibu mwenyewe, alikuwa mwembamba, tai imekaza, mafaili yamepangwa kama askari wa paredi. Kwenye viti vya wageni walikuwa wamekaa wawili. Mmoja alikuwa Mzee Alute, diwani wa Ngimari Mjini na mwenyekiti wa kamati, mtu wa miaka sabini katika koti zito jeusi. Mwingine alikuwa Eliza, diwani kutoka Isambara, mnene, mchangamfu, leo amenyong'onyea.

"Shikamoo mzee," Severina alianza.

"Marahaba, binti yangu. Umetukuta na msiba."

"Poleni wote. Nina swali moja tu kwa kila mtu. Saa tatu na nusu asubuhi mlikuwa wapi?"

"Kwenye kikao," alisema Abraham.

"Kwenye kikao," alisema Eliza, akitazama viatu vyake.

"Kikaoni," alisema Mzee Alute. "Mimi ndiye niliyekifungua."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu kamili, kama barua ilivyosema."

"Mna muhtasari?"

Abraham alivuta droo, akatoa karatasi nne zilizobanwa. Aliutoa kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake. "Uko tayari, afande. Umechapwa na umesainiwa. Ulitakiwa mkoani leo leo."

Severina alizipokea. Akasoma agenda ya kwanza kimya, ya pili kimya. Ya tatu akaisoma kwa sauti.

"Agenda ya tatu. Saa tatu na dakika ishirini, Ndugu Melkiori Nkungu aliwasilisha taarifa ya makao makuu. Wajumbe walimpongeza kwa kazi nzuri. Aliulizwa maswali matano, akayajibu kwa ufasaha. Saa tatu na dakika hamsini alishukuru, akakaa."

Nje mtu alikohoa.

"Alishukuru," Severina alirudia. "Saa tatu na dakika hamsini."

Abraham aliichukua miwani yake mezani, akaivaa, akaivua tena.

"Koplo," alisema Severina, "kwa uzoefu wako, marehemu akishukuru kikao huwa anasimama au anabaki amekaa?"

"Sijawahi kumuona, afande. Ningependa."

"Katibu Abraham. Mtu huyu alikufa saa tatu na nusu, mita sitini kutoka kwenye kiti chako. Huu mkutano ulifanyika wapi, ahera?"

"Afande..." Jasho lilimtoka Abraham kwenye nywele. "Afande, mimi niliandika jana jioni."

"Jana!"

"Ndivyo tunavyofanya. Nachukua muhtasari wa mwezi uliopita, nabadilisha tarehe na agenda. Wajumbe wanachelewa kila siku. Nikisubiri wafike, karatasi haifiki mkoani. Kikao ni karatasi, afande. Watu huja baadaye."

"Na hayo maswali matano?"

"Huwa ni matano."

Eliza alipiga paja lake. "Mimi nachoka bwana! Afande, nisamehe, nimedanganya. Saa tatu na nusu nilikuwa kwenye mgahawa pale stendi, nakunywa supu ya kuku. Mwenye mgahawa yupo, na abiria wa basi zima wapo, na mifupa ipo. Nimesaini kwa sababu Abraham kaniletea karatasi nikiwa na paja mkononi."

"Kwa nini ulisema kikaoni?"

"Karatasi ilishasema. Ningeipinga vipi karatasi niliyoisaini mwenyewe?"

"Umeisaini saa ngapi?"

"Mwisho kabisa. Saa nne hivi. Mzee Alute alikuwa ameshasaini."

Severina alisimama, akaenda dirishani, akaunyanyua ukurasa wa mwisho kwenye jua. Sahihi ya mwenyekiti ilikuwa chini kushoto. Kando yake karatasi ilikuwa na doa kubwa kama sarafu, na mwanga ulipita pale kama unavyopita kwenye kioo.

Aliunusa. Harufu ya alizeti mbichi, ile isiyopikwa.

"Hii supu ya kuku?" alimuuliza Eliza.

Eliza alisogea, akanusa. "Supu hii? Hii ni ya kinu, afande. Mimi nimekulia kwenye alizeti."

"Katibu. Mwenyekiti ulimsainisha wapi?"

Abraham alikuwa mweupe kama karatasi zake. "Nilikutana naye uani. Saa nne kasoro dakika kumi. Alikuwa anatokea..."

"Anatokea wapi?"

"Upande wa mashine."

Hakuna aliyegeuza shingo kumtazama Mzee Alute. Yeye alikuwa amekaa wima, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Koplo, watoe hawa wawili nje," Severina alisema. "Kisha urudi na picha zako."

*

Idrissa aliporudi, Severina alikuwa amevuta kiti mbele ya mzee, goti karibu na goti.

"Mzee Alute, nakuonya kwa mujibu wa sheria. Una haki ya kunyamaza. Ukisema, koplo ataandika, na maneno hayo yatasomwa mahakamani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Nionyeshe dole gumba la mkono wa kulia."

Mkono ulitoka mfukoni polepole. Kovu lilikuwa limelikata dole kutoka ukucha hadi kiungo.

"Mundu," alisema mzee. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili."

Idrissa aliweka picha pembeni ya mkono. Mstari kwa mstari. Hakuna aliyehitaji kioo cha kukuzia.

"Koti hilo linakutesa, mzee. Humu ndani joto limejaa na wewe hulivui. Ndani yake kuna nini?"

Mzee Alute aliingiza mkono kifuani, akatoa karatasi zilizokunjwa katikati, zimebanwa kwa pini moja. Ukurasa wa juu ulikuwa umelowa mafuta.

"Nilitaka kuichoma," alisema. "Mkaja wengi mno."

"Nieleze."

"Nilimfuata mashineni. Nilijua atakuwa pale. Nilimwambia, Melkiori, uvumi nimeusikia, nipe nisome kabla ya wengine. Alinipa bila kinyongo. Nikasoma mstari wa kwanza. Makao makuu ya halmashauri mpya yawe Isambara. Basi. Macho yangu yaliishia hapo."

"Kwa sababu ya ofisi? Ya cheo chako?"

Mzee alinyanyua kichwa, na kwa mara ya kwanza macho yake yaliwaka.

"Cheo! Binti, unaniona mimi mtu wa cheo? Miaka kumi na sita iliyopita Ngimari ilikuwa chini ya Isambara. Hospitali ilikuwa kule, daktari kule, gari la wagonjwa kule. Mke wangu Esta alishikwa na uchungu mwezi wa pili, mvua juu. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Tulifika mtoni, mto umejaa. Tulikaa ukingoni toka asubuhi hadi jua linazama, tunayatazama maji. Alikufa pale. Na mtoto ndani yake. Nilisimama juu ya kaburi lake nikasema, hapa Ngimari itakuwepo hospitali. Nikatembea ofisi zote. Nikaidai halmashauri yetu mpaka tukaipata. Hospitali ile mnayoiona, tofali la kwanza nililibeba mimi. Na sasa kijana niliyemsimamia ubatizo anaandika kwamba turudi kule kule!"

"Ukamsukuma."

"Nilimshika shati. Mashine ilikuwa inapiga kelele, sikusikia anachosema. Niliona mdomo wake unakwenda, mkono wake unazipiga hizi karatasi. Nikadhani ananilazimisha nikubali. Nikamsukuma mara moja. Moja tu. Nilipomwona haamki nilipiga goti nimwinue. Mikono ikaingia kwenye mafuta." Aliitazama mikono hiyo. "Ningeita watu. Sikuita. Nilitoka nje, Abraham akanipa kalamu, nikasaini kwamba nilikuwa kikaoni. Mungu wangu, nilisaini."

Idrissa aliacha kuandika. Severina aliinua karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mikunjo na mafuta. Wa pili ulikuwa umegandana nao kwa mafuta hayo hayo. Zilizobaki zilikuwa safi. Pini ilikuwa haijawahi kulegezwa. Hakuna mtu aliyezifunua.

Alizibandua taratibu, akafika mwisho. Alisoma. Alipomaliza, akainamisha kichwa.

"Mzee, taarifa hii ina kurasa saba."

"Sikusoma saba. Nilisoma mstari."

"Basi sikiliza ya saba." Alisoma bila haraka. "Ofisi zihamie Isambara kwa sababu barabara nne zinakutana pale. Lakini ofisi si hospitali. Mtu huenda ofisini mara mbili kwa mwaka. Mgonjwa hachagui siku. Hospitali ya Ngimari, chumba cha upasuaji, daktari wake na gari la wagonjwa vibaki Ngimari na viongezwe, na sharti hili liandikwe kabla ya muungano kusainiwa. Bila sharti hili napinga muungano wote. Nimetembea njia ya zamani ya Isambara kwa miguu hadi ule mto. Pale ukingoni mama wa kijiji chetu alikufa akisubiri maji yapungue. Jina lake ni Esta. Isitokee tena."

Mzee Alute hakulia mara moja. Kwanza alinyoosha mkono, akaomba ukurasa. Severina alimwachia auone bila kuushika. Kidole chenye kovu kilisimama juu ya jina, hewani, hakikuligusa.

"Ndicho alichokuwa ananionyesha," alisema. "Alikuwa anapiga huku nyuma. Huku mwisho."

Ndipo alipolia, mtu mzima, bila kujificha uso.

Alipotulia aliinyoosha mikono mwenyewe atiwe pingu. "Andika, koplo. Nimemuua Melkiori Nkungu. Hakutuuza. Aliyekuwa wa kwanza kumwita msaliti ni mimi, juzi, gulioni. Liandike na hilo."

"Nimeliandika, mzee," alisema Idrissa.

*

Walimtoa saa kumi na moja jioni. Watu wa Ngimari walipomwona nani yuko kwenye pingu, kelele zilikatika kama mashine iliyozimwa. Nafasi iliyokuwa katikati ya makundi mawili ilibaki, lakini hakuna tena aliyejua asimame upande gani wake. Eliza wa Isambara aliivuka kwanza, akamkumbatia Luciana.

Dina alikuwa pale pale kivulini alipoambiwa akae.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye. Amekiri."

"Mzee Alute. Baba alikuwa anamwita baba." Alijifuta chaki mikononi. "Na kaburi, afande? Watachimba?"

Severina aliwageukia vijana wa Ngimari waliosimama karibu, wakisikiliza huku wakijifanya hawasikilizi. Mmoja wao alikuwa ameshainamisha kichwa. Mwingine aliuliza, si kwa Dina, kwa hewa tu, jembe la Melkiori liko wapi, wataanza na hilo.

"Jembe lipo nyumbani," alisema Dina. "Lakini mtachimba kwa kumwonea huruma. Sitaki huruma. Nataka wajue aliandika nini."

Severina alitoa kielelezo kutoka kwenye bahasha ya polisi, akamwonyesha ukurasa wa mwisho ndani ya nailoni. Dina alisoma mara moja, akasoma tena, midomo ikifuata maneno. Alipofika kwenye jina, alifumba macho.

"Hiki ni kielelezo cha mahakama," alisema Severina. "Siwezi kukuachia. Ila hakuna sheria inayonikataza kusoma." Halafu, kwa mara ya kwanza siku ile, aliipandisha sauti, ili uwanja wote usikie, Ngimari na Isambara:

"Dina binti Melkiori, nakuahidi mbele ya watu hawa. Kesho nitakuja kaburini na magwanda yangu, na kabla koleo la kwanza la udongo halijamgusa baba yako, ukurasa wa saba nitausoma mimi mwenyewe, wote, mpaka nukta ya mwisho."